Hisani Katika Joho la Wajibu

Wajibu na hisani ni maneno mawili ambayo wazee wa Kiswahili hawakupata kuyachanganya. Wajibu ni lile ambalo mtu asipolitenda amekosa, wala hana sifa kubwa akilitenda. Hisani ni lile ambalo mtu asipolitenda hana lawama, na akilitenda hushukuriwa. Mdeni alipaye deni lake hapigiwi vigelegele. Na mtu ampelekeaye jirani kikapu cha maembe, ilhali jirani huyo anamdai fedha za ng'ombe, hajapunguza deni hata senti moja. Hayo hujulikana na kila mtoto aliyelelewa. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni limezuka fungu la maneno lisemalo "uwajibikaji kwa jamii", na ndani yake mambo haya mawili yamebadilishana mavazi. Kampuni ikijenga darasa, ikichimba kisima au ikinunua jezi za timu ya kijiji, husemwa kwamba imewajibika. Kampuni hiyo hiyo ikimpa mfanyakazi wake kizuizi cha vumbi cha kufunika pua na kinywa, husemwa kwamba inamjali. Hisani imevishwa joho la wajibu, na wajibu umebaki na kanga ya kuazima.

Kwa mfanya biashara wa sukari au saruji, mchanganyiko huu ni kosa la lugha na pengine la hesabu. Kwa kampuni za nyuklia ni jambo zito zaidi, na sababu yake imo katika bidhaa yenyewe. Auzaye samaki aliyeoza hukamatwa na pua ya mnunuzi. Mionzi haina harufu, haina rangi, haina ladha, haiwashi ngozi kwa kiasi ambacho kinaweza kumletea mtu saratani miaka ishirini baadaye. Jirani wa mgodi wa urani au wa kinu cha umeme wa nyuklia hana kiungo cha mwili cha kumwonya. Aliona darasa likijengwa, akaona zahanati ikipakwa rangi. Asichoweza kukiona hukipima kwa alichokiona. Huambiwa, na yeye mwenyewe hujiambia, kwamba watu waliojenga darasa zuri namna ile hawawezi kuwa wazembe ndani ya ua wao. Hapo ndipo hisani inapofanya kazi ambayo haikuwa yake.

Wasemao Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kwanza. Urani nyingi iliyotiwa katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambayo kazi ya migodini ilisemwa kwa Kiswahili. Kampuni ya Union Minière du Haut Katanga ilikuwa mlezi mashuhuri. Ilijenga nyumba za wafanyakazi, iligawa posho, ilifungua zahanati na shule, na wamisheni wakafundisha ndani yake. Mtoto wa mchimbaji aliweza kuzaliwa, kutibiwa na kusomeshwa bila kutoka katika mikono ya kampuni. Lakini matumizi ya madini yale yalikuwa siri ya vita, na siri ya namna hiyo haikuwa ya kuambiwa mbeba magunia. Alilishwa, akavikwa, akatibiwa. Jambo moja alilohitaji kulijua kuhusu jiwe alilolishika halikuwamo katika posho.

Watetezi wa kampuni watasema kwamba hizo zilikuwa zama za ukoloni na za vita, na kwamba nchi huru yenye wataalamu, magazeti na uchaguzi haiwezi kutendwa hivyo. Basi na itazamwe Japani.

Mwaka 1997 kampuni ya umeme ya Tokyo, ijulikanayo kwa jina la TEPCO, ilikamilisha uwanja mkubwa wa mazoezi ya kandanda uitwao J-Village, katika mkoa wa Fukushima, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka vinu vyake vya Fukushima Daiichi. Uligharimu yeni zipatazo bilioni 13, nao ukakabidhiwa mkoa kuwa zawadi. Ulikuwa na viwanja vya majani vilivyo bora, hata timu za taifa zilikuja kufanya mazoezi pale. Tena zawadi ile haikuwa peke yake. Tangu mwaka 1974 zilikuwako sheria za serikali zilizoelekeza fedha katika miji iliyokubali vinu, na fedha hizo zikajenga kumbi na barabara. Mji wa Futaba, jirani wa vinu hivyo, ulitundika juu ya barabara yake bango la kuisifu nguvu ya nyuklia kuwa ni nguvu ya mustakabali wenye nuru, na maneno yake yalitungwa na mtoto wa shule. Fedha zilipoanza kupungua, baraza la mji lilipitisha azimio mwaka 1991 la kuomba vinu vingine viwili. Hili lastahili kufikiriwa sana: mji uliolishwa hisani ukawa hauwezi kuishi bila hisani, ukaomba hatari iongezwe ili posho isipungue. Mtu wa hali hiyo hawezi tena kumwuliza mfadhili wake swali gumu.

Na swali gumu lilikuwako. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba kampuni ile ilikuwa imeghushi kumbukumbu za ukaguzi wa vinu vyake. Mkuu wake akajiuzulu, na mwaka 2003 vinu vyote 17 vya kampuni vilisimamishwa kwa ajili ya uchunguzi. Mwaka 2008 wahandisi wake wenyewe walikokotoa kwamba tsunami iwezayo kutokea katika pwani ile ingeweza kufikia mita 15.7, ilhali vinu vilisimama juu ya ardhi iliyoinuka mita 10 tu kutoka usawa wa bahari. Hesabu ile haikujenga ukuta. Iliombewa uchunguzi mwingine, ikakaa. Ilifikishwa kwa wakaguzi wa serikali tarehe 7 Machi 2011. Baada ya siku nne, tarehe 11 Machi, bahari ilikuja kwa kimo kilichokaribia sana kile cha karatasi; mitambo ya dharura ya umeme ikazama, vinu vitatu vikayeyuka ndani, na watu zaidi ya laki moja na nusu wakayahama makwao. Kamati huru iliyoundwa na Bunge la Japani, chini ya uenyekiti wa Kiyoshi Kurokawa, ilisema mwaka 2012 kwamba msiba ule ulitokana na mikono ya binadamu, na kwamba mkaguzi na mkaguliwa walikuwa wameshirikiana hata ukaguzi ukapoteza maana.

Kwa haki yafaa kutaja kwamba mahakama ziliwaondolea wakuu wa kampuni hatia ya jinai, na hukumu hiyo ikathibitishwa na Mahakama ya juu kabisa mwaka 2025. Makala haya hayadai kwamba walikuwa wauaji. Yanadai jambo dogo zaidi, nalo ni baya vya kutosha: kwamba bilioni 13 zilipatikana kwa ajili ya majani ya kuchezea mpira, na uamuzi wa ukuta haukupatikana. Viwanja vile vya J-Village, baada ya msiba, viligeuzwa kuwa kambi ya wafanyakazi walioingia na kutoka katika vinu vilivyoharibika. Magari yakaegeshwa mahali pa mpira, nguo za kujikingia zikavaliwa na kuvuliwa pale. Havikurudi kuwa viwanja kamili vya kandanda mpaka mwaka 2019. Si aghalabu zawadi kujieleza yenyewe kwa uwazi namna hiyo.

Kabla ya Fukushima palikuwa na Tokaimura, na kisa chake ni kidogo kwa ukubwa lakini ndicho kifundishacho zaidi mintarafu ya usalama wa kazi. Tarehe 30 Septemba 1999, katika kiwanda cha kampuni iitwayo JCO, wafanyakazi watatu walikuwa wakitengeneza mchanganyiko wa urani iliyorutubishwa kwa asilimia 18.8. Utaratibu ulioidhinishwa na serikali ulitaka urani ipite katika mirija na matangi membamba, yaliyoundwa hivyo makusudi, kwa maana urani ikikusanyika nyingi katika chombo kipana huanza kuwaka kwa namna ya kinu, chembe moja ikipasua nyingine pasipo kuzuiwa. Utaratibu huo ulichukua muda. Kwa hiyo kampuni ilikuwa imeandika mwongozo wake yenyewe, ulioruhusu ndoo za chuma. Na siku ile hata mwongozo huo wa haramu ulirukwa. Urani ilimiminwa kwa ndoo katika tangi pana. Kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa kilo 2.4, kilichomiminwa kilipita kilo 16. Yapata saa nne na nusu za asubuhi ukamulika mwanga wa buluu. Mtambo haukutulia mpaka baada ya saa 20 hivi. Wafanyakazi wawili walikufa, mmoja kabla ya mwaka kwisha, wa pili mwaka uliofuata, baada ya mateso ambayo si adabu kuyasimulia.

Walioshika ndoo hawakuwa wamefundishwa vya kutosha ni nini hasa kilichokuwamo ndani yake. Neno "uzembe wa mfanyakazi", ambalo ni kimbilio la kila kampuni siku ya msiba, halina mahali pa kusimama hapa, maana ndoo ziliingizwa kazini na wakubwa kwa ajili ya kuokoa muda. Mwaka 2003 kampuni ilitozwa faini ya yeni milioni moja, na watumishi wake sita wakapewa vifungo vilivyoahirishwa. Milioni moja ya yeni! Jezi na mipira ya ligi ya wilaya moja yaweza kugharimu zaidi.

Na kijiji? Habari zilikifikia kwa kuchelewa, na mashauri kutoka mji mkuu yakachelewa zaidi. Yalipokuwa bado hayajafika, mkuu wa kijiji, Tatsuya Murakami, aliamua kwa kichwa chake mwenyewe, mnamo saa tisa za alasiri, kuwahamisha watu waliokaa ndani ya mita 350 za kiwanda. Baadaye watu wapatao 310,000 walishauriwa wasitoke majumbani. Kijiji kile kilikuwa kimezoea nyuklia kuliko kijiji kingine chochote cha Japani, maana ndiko ilikoanzia. Kilikuwa na kila namna ya msaada uliotokana na tasnia ile. Siku ya haja, kilichowafaa watu kilikuwa mtu mmoja aliyethubutu kutoa amri bila ya kungoja ruhusa.

Hapa atatokea mbishi mwenye elimu, na hoja yake haifai kudharauliwa. Atasema kwamba makaa ya mawe huua watu wengi kuliko nyuklia. Kwamba wachunguzi wanaolinganisha vifo kwa kila kipimo cha umeme huiweka nyuklia chini sana ya makaa na mafuta. Na kwamba kuhesabu misiba miwili ya Japani ni kumhukumu mvuvi kwa siku mbili za tufani. Kauli yake ya kwanza na ya pili ni kweli. Lakini hazijibu hoja hii, kwa sababu hoja hii haisemi kwamba nyuklia haiwezekani kuendeshwa kwa usalama. Inasema kwamba yaweza, na mfano wake uko katika pwani ile ile, siku ile ile.

Kinu cha Onagawa, mali ya kampuni ya umeme ya Tohoku, kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko la mwaka 2011 kuliko kile cha Fukushima. Bahari ilikijia kwa kimo cha mita 13 hivi. Lakini kilikuwa kimejengwa juu ya ardhi iliyoinuka mita 14.8, kwa sababu mtu mmoja aliyeitwa Yanosuke Hirai, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni, alishikilia wakati wa mipango kwamba mita zilizotajwa na wenzake hazitoshi. Alikuwa mwenyeji wa sehemu zile, na habari za tsunami ya mwaka 869 hazikuwa hadithi ya kale kwake. Hirai alifariki mwaka 1986. Kwa miaka mingi kimo kile kilikuwa gharama tupu: hakikukatiwa utepe na waziri, wala hakikupigiwa ngoma. Siku ya tsunami kinu kiliumia hapa na pale, moto ukawaka katika jengo moja, lakini kilizimika salama; na zaidi ya watu 300 wa mji, waliofagiliwa nyumba na maji, walikimbilia ndani ya ua wa kinu wakakaa katika ukumbi wake kwa miezi. Kama yuko anayetaka kujua msaada wa kampuni ya nyuklia kwa majirani una sura gani, ni ule. Ukumbi ule ungekuwa kaburi lau kimo kingepunguzwa kwa kuokoa fedha. Usalama ulitangulia, na ndio uliouwezesha msaada kuwa msaada.

Yote haya yangekuwa habari za mbali kama urani isingekuwa imelala katika ardhi ya Ruvuma. Mwaka 2012 mpaka wa pori la akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, ulirekebishwa na hekta zipatazo 19,800 zikatolewa kwa ajili ya mradi wa Mto Mkuju, katika Wilaya ya Namtumbo. Mwenye mradi ni kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One ya shirika la Rosatom la Urusi. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko mtambo wa majaribio wa kusafisha madini hayo. Mradi ni mchanga, na makala haya hayaitii kampuni hiyo hatiani kwa jambo lolote. Ni kwa sababu ni mchanga ndiyo maana yafaa kusema sasa.

Sheria ya madini ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, humtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ni sheria njema. Imeifanya hisani kuwa deni. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Urani ikishatolewa katika mwamba, mabaki yake, tope lile linalolazwa bwawani, hubaki na yapata asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwamo, kwa kuwa ndugu zake urani, kama radiamu na thoriamu, hawachukuliwi. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Hutoa gesi ya radoni, ambayo mchimbaji akiivuta mwaka baada ya mwaka huleta saratani ya mapafu. Kipimo kinachokubaliwa na wataalamu wa dunia kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kwa jirani asiyefanya kazi hiyo ni milisiveti moja juu ya ile iliyomo katika mazingira yake. Maji ya sehemu zile huteremkia bonde la Rufiji, na mwisho wa bonde hilo wako wakulima wa mpunga na wavuvi wa delta ambao hawamo katika mkutano wowote wa kijiji cha Namtumbo.

Kwa hiyo maswali ya mwananchi wa Namtumbo hayana budi kuanzia ndani ya ua kabla ya kufika kwenye darasa. Je, kila mfanyakazi, hata kibarua wa wiki mbili aliyeletwa na wakala, ana kipima mionzi chake, na husomewa matokeo yake kwa lugha aielewayo? Je, nguo za kazi hufuliwa kazini, au huchukuliwa nyumbani zikakung'utwe vumbi mbele ya watoto? Je, msimamizi wa zamu aweza kusimamisha kazi bila ya kupoteza kibarua chake? Je, bwawa la tope lina fedha zilizowekwa kando kwa ajili ya ulinzi wake wakati kampuni itakapokuwa imefunga virago? Swali la mwisho si la dhana: mgodi wa COMINAK huko Arlit, nchini Niger, ulifungwa tarehe 31 Machi 2021 baada ya miaka zaidi ya arobaini, ukaacha tani zipatazo milioni 20 za mabaki. Hospitali zilizohudumia wafanyakazi huko zilikuwa za kampuni za migodi zenyewe. Daktari aweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote wa mji, lakini anayemlipa mshahara ndiye ambaye ugonjwa ungemtia gharamani.

Na nani atakayejibu maswali hayo? Sheria ya mwaka 2003 iliiunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na kuipa kazi mbili kwa pamoja: kudhibiti matumizi ya mionzi na kuyahimiza. Watumishi wake yamkini ni hodari na waaminifu. Kasoro haimo ndani yao, imo katika kiti walichokalishwa. Maana Japani nayo ilimweka mkaguzi wake wa vinu chini ya wizara iliyokuwa na kazi ya kuieneza nyuklia, na Kurokawa na wenzake walieleza matokeo yake. Kenya, kwa sheria zake za mwaka 2019, imetenganisha wakala wa kuhimiza na mamlaka ya kudhibiti. Utengano huo peke yake haukuwaridhisha watu wa Uyombo, katika Kilifi, ambao mwezi wa Mei 2024 walikabiliana na polisi kwa kupinga kinu karibu na ufuko wao na hori la Mida, hata mwaka uliofuata serikali ikaelekeza macho Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Wako waliowaita watu wa Uyombo wajinga wasiotaka maendeleo. Walichokuwa wakiuliza wavuvi wale ni nani atakayeyapima maji yao na matokeo watayasoma wapi. Na swali hilo aliyewaita wajinga hakulijibu.

Tume ya Tanzania yaweza kugawanywa kwa sheria moja ya Bunge. Lakini liko jambo lisilongoja Bunge. Maji ya visima vya Namtumbo, vumbi la barabara zake, samaki wa mto, na afya ya wale watakaoajiriwa vyapaswa kupimwa na mtu asiyelipwa na mchimbaji, na hesabu zake kubandikwa kwa Kiswahili katika ofisi ya kila kijiji, sasa, wakati mtambo uliopo bado ni wa majaribio. Kiwanda kikubwa kikishaanza kazi, kipimo hicho cha mwanzo hakitaweza kupatikana tena. Na siku mwananchi atakapodai kwamba kisima chake kimebadilika, ataulizwa kimebadilika kutoka nini.